Jinsi ya kuisikiliza sonata namba 1 ya Beethoven, hata kama piano hujawahi kuigusa

Sonata ni muziki wa ala wenye sehemu kadhaa, hii ni ya piano peke yake. Tafuta rekodi ya sonata ya piano namba 1 ya Beethoven, mtunzi Mjerumani, F maina (ufunguo wenye sauti ya huzuni), opus 2 namba 1 (opus ni namba ya kazi iliyochapishwa, hii ya 2 ina sonata tatu). Yote ni kama dakika 20 hivi, sehemu nne. Vaa hedifoni maana kuna mahali pa kimyakimya sana patakupita.

Sasa usiisikilize yote kwanza. Cheza sekunde kumi za mwanzo tu, halafu simamisha. Rudia mara tano, sita. Ukiwa mtu wa kwaya imba kwa solfa: mi, la, do, mi, la, do, noti zinapanda kama mtu anayeruka ngazi, zikifika juu zinazungushwa kidogo, kimya. Inarudia tena kutokea juu zaidi. Halafu hapa ndo penyewe, sikia vizuri, anatupa ile ngazi yote anabaki na kale kamkia tu, mara moja, mara ya pili iko juu zaidi, ya tatu inapiga kwa nguvu zote kule juu kabisa, kisha inateremka na kusimama kama swali halijajibiwa. Yani kila kipande kinafupishwa ndo maana unajikuta umebana pumzi bila kujua kwa nini.

Ukishaipata hiyo ndo ujue ilitoka wapi. Beethoven alitoka Bonn, Ujerumani, akaingia Vienna, Austria, Novemba 1792, mwezi uliofuata baba yake akafariki kule nyumbani. Alikuja kusoma kwa Haydn, mtunzi aliyeheshimika kuliko wote wakati ule, lakini Januari 1794 Haydn akasafiri kwenda London, kijana akahamia kwa mwalimu mwingine, Albrechtsberger. Haydn aliporudi 1795, inasimuliwa kwamba alizisikia sonata hizi tatu za opus 2 nyumbani kwa Prince Lichnowsky, tajiri aliyemfadhili Beethoven, mwenyewe Beethoven akiwa kwenye piano. Zikachapishwa 1796, zikiwa zimetolewa kwa heshima ya Haydn. Ries, mwanafunzi wa Beethoven, alieleza kwamba Haydn alitaka jalada liandikwe "mwanafunzi wa Haydn" na Beethoven akakataa. Mi naona heshima na ubishi vyote viwili vimo kwenye zile sekunde kumi.

(Namba 1 isikudanganye lakini, alishachapisha sonata tatu akiwa Bonn mwaka 1783, mtoto wa miaka 12.)

Endelea na sehemu ya kwanza. Ngazi inayopanda ikishapita, subiri wimbo wa pili, huo unashuka, ni kama ameigeuza ile ngazi kichwa chini akailainisha. Ukishaigundua hutaweza kuacha kuisikia.

Sehemu ya pili ni ya polepole, F meja (ufunguo wenye sauti angavu zaidi), zima taa kabisa kama unaweza. Huu wimbo aliutunga Bonn 1785 akiwa na miaka 14, kwenye kwateti (muziki wa wapigaji wanne) ya piano na ala za nyuzi ambayo haikuchapishwa mpaka alipokwisha kufa. Kwa hiyo pale katikati ya kujitambulisha kwa wakubwa wa Vienna ameweka kitu cha utotoni, na ndo sehemu inayonigusa kuliko zote. Ya tatu, minueti (muziki wa mtindo wa dansi), ni fupi, iache ipite.

Ya nne ongeza sauti. Mkono wa kushoto unakimbia noti tatutatu bila kupumzika, katikati panatulia kwa wimbo mtamu ambao haukuandaliwa popote, usidhani imeisha. Mbio zinarudi, na sekunde za mwisho kabisa noti za F maina zinaporomoka kutoka juu mpaka chini kwa nguvu zote. Hapo rudi kucheza zile sekunde kumi za mwanzo, usikie noti hizohizo zikipanda.