SOMO: Namna ya kusanifu nyumba ndogo inayokubaliana na kiwanja chake

Wengi wetu huanza na ramani, kisha tunalazimisha kiwanja kiifuate. Matokeo yake sebule inachomwa na jua la jioni, maji ya mvua yanapita chini ya msingi, na feni haizimwi mchana kutwa. Hapa tutakwenda kinyume: kiwanja kwanza, ramani baadaye. Nyumba ikae wapi na itazame wapi ni uamuzi usiogharimu chochote kabla ya kuchimba msingi. Ukishachimba, hakuna fundi atakayekugeuzia nyumba.

Hatua ya 1: Kisome kiwanja

Nenda asubuhi, mchana na jioni, na ukiweza nenda mvua ikinyesha, uone maji yanakopita. Ukiikosa mvua, tafuta dalili zake: majani yaliyolalia upande mmoja, mchanga laini uliokusanyika kwenye mashina, takataka zilizonasa vichakani. Hapo pana mkondo. Usijenge juu yake hata kama umekauka muda wote.

Mashariki halisi utaipata kwa kijiti. Kisimike wima mahali tambarare, karibu na saa sita mchana. Weka kokoto kwenye ncha ya kivuli, subiri kama nusu saa, weka nyingine. Mstari unaounganisha kokoto hizo unatoka magharibi kwenda mashariki, na ya kwanza ndiyo ya magharibi. Kwa upepo, funga utepe mwepesi kwenye mti na uandike kila unapofika unaelekea wapi. Miti nayo ichore yote kwenye karatasi. Mti mkubwa uliopo tayari una thamani kuliko miche ishirini utakayoipanda baadaye.

Hatua ya 2: Elekeza nyumba

Karibu na ikweta jua hupita juu ya paa, kwa hiyo kuta zinazoumia ni za mashariki na magharibi, maana jua la chini huzipiga usoni na upenu hauzuii kitu. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Zile fupi ziangalie mashariki na magharibi. Upande wa magharibi weka stoo na bafu, si chumba cha kulala. Kwenye nchi za baridi hesabu inabadilika: madirisha makubwa hutazama upande wa ikweta ili jua la majira ya baridi liingie ndani.

Upenu upime, usikisie. Kwenye ikweta, ukuta wa kimo cha mita 2.4 unaotazama kaskazini unahitaji upenu wa karibu mita 1 ili ufunikwe wote saa sita mchana mwezi Juni, jua likiwa limesogea mbali kabisa. Mwezi Desemba ni zamu ya ukuta wa kusini. Upenu huohuo unakinga ukuta usilowe.

Hatua ya 3: Punguza ukubwa, kisha panga hewa

Nyumba ya mita 6 kwa 6 na ya mita 4 kwa 9 zote zina mita 36 za mraba. Ya kwanza ina mzingo wa mita 24 wa kuta za nje, ya pili mita 26. Mimi ningelipia hizo mita 2 za ziada bila kusita: nyumba yenye upana wa mita 4 inaweza kuwa na vyumba vyenye madirisha pande mbili zinazotazamana, hewa ikapita moja kwa moja. Dirisha la upande wa upepo liwe chini, la kutokea liwe juu, kwa sababu hewa ya moto hupanda. Chini ya bati weka dari, na uache matundu yenye wavu upenuni na karibu na kilele ili joto litoke.

Hatua ya 4: Chagua vifaa

Kuta nene hufaa penye mchana wa moto na usiku wa baridi. Penye joto na unyevu usiku na mchana, kuta nyepesi na upepo mwingi ni bora, kwani ukuta mnene hutunza joto na kukurudishia usiku.

Kupima udongo wa tofali, chukua wa chini, si ule wa juu wenye mboji. Jaza theluthi ya chupa angavu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, uache. Mchanga hutuama ndani ya dakika chache, tope laini baada ya saa kadhaa, mfinyanzi siku ya pili. Ukiwa na mchanga mwingi, changanya saruji kidogo. Ukiwa na mfinyanzi mwingi, chokaa hufanya kazi vizuri zaidi. Kwa tofali za kuchoma, mbunifu Laurie Baker aliyefanya kazi Kerala, India, alieneza ujengaji wa kusimamisha tofali ubavuni na kuacha uwazi katikati ya ukuta. Unapunguza takriban robo ya tofali, na ule uwazi huzuia joto.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, kiwanja changu ni chembamba, upande mrefu unatazama magharibi. Nifanyeje?
Weka baraza upande huo, na mbele yake fito za kupandishia mimea inayotambaa. Madirisha yawe madogo. Kinachozuia jua la chini ni kitu kilichosimama wima.

Nyumba ya udongo si itayeyuka?
Ikilowa, ndiyo. Inua msingi wa mawe angalau sentimita 30 juu ya ardhi, toa upenu wa kutosha, piga lipu ya chokaa au udongo. Saruji ngumu juu ya udongo hufungia unyevu ndani na baadaye hubanduka. Maghorofa ya Shibam, Yemen, ni ya udongo na mengi ni ya tangu karne ya 16, ila hukarabatiwa mara kwa mara.

Tangi la mvua liwe la ukubwa gani?
Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 40 za mraba likipata milimita 10, ni lita 400. Ondoa moja ya tano inayopotea, zinabaki 320. Watu wanne wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku 60 za ukame ni lita 4,800, hivyo tangi la 5,000 linatosha. Maji ya kwanza baada ya ukame yamwage, yanaosha paa.

Kiwanja kina mteremko, nisawazishe kwa greda?
Hapana. Greda litaondoa udongo wa juu na kuvuruga njia za maji. Laza nyumba kufuata kontua, yaani mstari wa sehemu zenye kimo sawa, upande wa chini uinue kwa nguzo, na uchimbe mtaro upande wa juu. Shimo la choo liwe upande wa chini wa mteremko kuliko kisima, umbali wa mita 30 au zaidi.