Kumeza nimodipini nyumbani baada ya damu kuvuja kwenye ubongo

Mgonjwa aliyevujiwa damu kwenye utando unaozunguka ubongo, mara nyingi kwa sababu ya mshipa uliovimba ukapasuka, huandikiwa nimodipini kwa siku 21. Akiruhusiwa mapema, siku zilizobaki humalizikia nyumbani, na kazi ya muuguzi humwangukia mke, mtoto au dada. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni miligramu 60, yaani vidonge 2 vya miligramu 30, kila baada ya saa 4, usiku na mchana. Mwenye ini lililoharibika kwa kawaida hupewa nusu ya hiyo. Cheti cha daktari wako ndicho kinachotawala. Hapa tunaeleza jinsi ya kukitekeleza.

Dawa hii haizibi mshipa wala haizuii damu kuvuja tena. Inakinga ubongo usiharibike kwa kukosa damu, hatari inayojitokeza zaidi kati ya siku ya 3 na ya 14. Nayo haikai mwilini: kila saa 1 hadi 2 kiwango chake kwenye damu hushuka kwa nusu. Kwa hiyo dozi ya usiku wa manane ina uzito uleule wa dozi ya mchana.

Hatua ya 1: hesabu vidonge kabla ya kutoka wodini

Uliza ametumia siku ngapi. Kama ni 12, zimebaki 9. Vidonge 12 kwa siku mara 9 ni 108. Nunua vyote kwa mkupuo, kwa sababu maduka mengi ya dawa ya mtaani hayaiweki. Ukinunua nusu kwa matumaini ya kuongeza baadaye, unaweza kukaa siku nzima bila dawa huku ukizunguka mjini.

Hatua ya 2: soma jina herufi kwa herufi

Hapa ndipo penye kosa baya kuliko yote. Nimodipini na nifedipini ni majina pacha, na nifedipini ipo kila duka kwa ajili ya presha. Muuzaji akikuambia "hii nayo ni jamii moja", anasema kweli, lakini haifanyi kazi ile. Nifedipini au amlodipini itamshushia mgonjwa presha bila kumpa kinga aliyoandikiwa. Kataa kubadilishiwa, mpigie daktari.

Hatua ya 3: tega alamu sita

Bahasha ya dawa ikiandikwa "2x6", maana yake ni vidonge 2 mara 6 kwa siku. Wapo wanaosoma "kila baada ya saa 6", na mgonjwa akapoteza dozi 2 kila siku. Simu nayo ina mtego wake: haihesabu saa kama sisi. Dozi ya saa 4 asubuhi hutegwa 10:00, si 4:00. Ratiba nzima ni hii:

06:00 – saa 12 asubuhi
10:00 – saa 4 asubuhi
14:00 – saa 8 mchana
18:00 – saa 12 jioni
22:00 – saa 4 usiku
02:00 – saa 8 usiku

Tega kwenye simu mbili, moja iwe ya mtu asiyelala chumba hicho. Bandika karatasi ukutani na utie alama baada ya kidonge kumezwa, si wakati unakitoa kwenye pakiti. Dozi ikipita, usiifidie kwa vidonge 4. Endelea na ile inayofuata kwa wakati wake. Kati ya dozi na dozi saa zisipungue 4.

Hatua ya 4: mpe akiwa ameketi

Pima presha kwanza kama mna kipimo. Daktari akuandikie namba ambayo presha ikishuka chini yake umpigie kabla ya kutoa dawa. Wakati mwingine atagawa dozi iwe kidonge 1 kila baada ya saa 2. Usiikatishe mwenyewe. Mkalishe, ameze kwa maji, na akitaka kwenda msalani aninginize miguu kitandani dakika chache kabla ya kusimama. Akipaliwa, usiponde kidonge bila kumuuliza mfamasia. Na ikiwa mmepewa ile ya vifuko vyenye majimaji ndani, majimaji hayo hayachomwi sindano kamwe: yanaua.

Hatua ya 5: chakula na dawa nyingine

Dawa hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu: saa 1 kabla ya kula au saa 2 baada. Kwa ratiba yetu, chai inakaa saa 1 hadi 2 asubuhi, chakula cha mchana saa 5 hadi 6, cha usiku saa 1 hadi 2. Chakula kikichelewa, toa dawa vilevile. Balungi na juisi yake marufuku, kwa kuwa huipandisha dawa kwenye damu. Danzi nalo liepukwe. Chungwa la kawaida halina neno. Ratiba hii haipatani na saumu ya Ramadhani. Siku hizo hulipwa akipona.

Mtajie daktari dawa za kifafa (fenitoini, kabamazepini, fenobabitoni) na rifampisini ya kifua kikuu, maana huidhoofisha nimodipini. Klarithromaisini, dawa za fangasi kama ketokonazo na baadhi ya ARV huizidisha, presha ikaporomoka. Kichwa kikiuma, parasetamo. Asprini, ibuprofeni na diklofenaki asipewe bila ruhusa ya daktari, na soma pakiti: vidonge vingi vya maumivu vina diklofenaki iliyochanganywa na parasetamo.

Kimbia hospitali usiku huohuo

Kichwa kupasuka kwa ghafla, kusinzia kusiko kwa kawaida, maneno kuvurugika, mkono au mguu kulegea, degedege, kuzimia. Usingoje alamu inayofuata. Chukua ile karatasi ya ukutani. Daktari atataka kujua dozi ya mwisho ilimezwa saa ngapi.

Siku ya 21 ikiisha, dawa huishia hapo isipokuwa daktari ameandika vingine. Vilivyobaki virudishwe famasi, asipewe jirani mwenye presha. Kama mgonjwa alipunguziwa dawa zake za presha kwa ajili ya nimodipini, apimwe ndani ya siku chache, kwani presha inaweza kupanda.