Pimeni kabla ya kadi za michango

Jumamosi jioni, nikishatoka Mwaloni Kirumba kwenye dagaa wangu, mimi na Baba Neema huwapokea wachumba sebuleni kwetu. Padri huwafundisha sakramenti. Sisi wasimamizi wa ndoa tumeachiwa mambo ya chumbani, na wengi huanza kwa kuangalia vidole vya miguu yao.

Nawaambia waanze na vipimo kabla kadi za michango hazijatoka. Watu wakishachanga, hata majibu yakikushtua unaona haya kurudi nyuma. Halafu piga hesabu ya siku. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya siku 21 tu, na hizo hazitoshi: kipimo cha VVU huweza kukosa maambukizi ya wiki chache zilizopita, ndiyo maana hurudiwa baada ya miezi 3. Chanjo ya homa ya ini B nayo ni sindano tatu, ya mwisho mwezi wa sita. Basi anzeni nusu mwaka kabla.

Nendeni wote wawili. "Majibu yako ndiyo yangu" siyo kipimo. Ombeni VVU, kaswende na homa ya ini B. Mmoja akikutwa na VVU, ndoa haijafa: anayemeza ARV vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa.

Na msiache selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, huku Kanda ya Ziwa tunaijua. Ulizieni hospitali kubwa kama Bugando. Mwenye AS, yaani aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu, haumwi, anajiona mzima kabisa. AS akimwoa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto SS, mgonjwa wa selimundu yenyewe. Afadhali mlijue hilo mkiwa bado mnaweza kuamua.

Usiku wa kwanza wala msiufanye mtihani. Bibi harusi amesimama na viatu virefu tangu asubuhi. Akisema "tulale kwanza", laleni. Akisema inauma, acha. Kujiosha ndani kwa sabuni au ndimu kunaleta michubuko tu. Na shuka jeupe? Wapo mabikira wasiotoka damu hata tone, shangazi asije asubuhi kukagua.

Damu ya kuiogopa ni ile inayorudi kila mkikutana. Mimi ilinianza mwaka wa kwanza wa ndoa, na uchafu, na maumivu chini ya kitovu. Zahanati moja ikanipa dawa za magonjwa ya zinaa mara tatu. Mara ya tatu mume wangu akauliza polepole, bila kunitazama: "Mke wangu, huu ugonjwa umeutoa wapi?" Nikahamia kwa dada yangu Igoma.

Muuguzi mmoja mzee ndiye aliyeniuliza jambo la maana: "Mwanangu, ulikulia wapi, na mlikuwa mnaoga wapi?" Kwimba, nikasema, lamboni, pale pale tulipokuwa tunanywesha ng'ombe. Kumbe kichocho. Mayai ya minyoo yale hukwama hata kwenye mlango wa kizazi yakaacha vidonda. Mwanaume naye aweza kuona damu kwenye mbegu zake. Hakiambukizwi kitandani. Kinatoka majini, kwenye konokono.

Kwa hiyo kila mmoja amtajie daktari maji aliyokulia. Mkojo wa kupima utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai hutoka zaidi muda huo. Ukionekana safi na dalili zipo, omba mlango wa kizazi uangaliwe. Usikubali kurudishwa na mfuko mwingine wa dawa. Tiba ni prazikwanteli, vidonge kwa kadiri ya uzito wako.

Inaua minyoo, lakini haikukingi ukirudi kuoga kule kule. Mimi nikienda Kwimba kumsalimia mama naoga maji ya kisima cha pampu, naye ananicheka kwamba Mwanza imenifanya mzungu.