Jinsi ya kumfundisha mtoto kazi za mifupa bila kumkaririsha

Mtoto akirudi na homuweki ya mifupa usimwambie akariri tu "kulinda, kushikilia, kujongea" maana kesho kutwa kashasahau, mkalishe chini muanze na mwili wake mwenyewe.

Anza kichwani, agonge fuvu taratibu kwa vidole asikie palivyo pagumu, humo ndo ubongo umehifadhiwa. Kama nyumbani kuna kichanga muonyeshe utosi unavyodunda (kwa macho tu jamani, asibonyeze!), mifupa ya pale bado haijakutana, mara nyingi inafunga mtoto akiwa na mwaka na nusu hivi. Kisha aweke mikono ubavuni avute pumzi ndefu, atasikia mbavu zinapanda na kutanuka, ziko jozi 12, zinalinda moyo na mapafu na hapohapo zinamsaidia kupumua. Akunje kiwiko pia, msuli unavuta na mfupa unafuata, basi, hapo kaelewa.

Sasa uboho ndo wengi wanaupita haraka na mimi naona ndo utamu wenyewe. Siku ya supu mwambie muuza bucha akukatie mfupa wa ng'ombe katikati, mtoto aone kwamba ndani sio patupu. Uboho mwekundu ndo kiwanda cha damu, kwa mtu mzima upo zaidi kwenye nyonga, kidari, mbavu na pingili za mgongo, ule wa katikati ya paja mara nyingi ni mafuta ya njano kwahiyo akiuona hauna wekundu asishangae.

Mwisho chukua mfupa wa mguu wa kuku, usafishe nyama yote, utumbukize kwenye chupa ya siki ufunike, badilisha siki kila baada ya siku moja au mbili. Zikipita siku nne tano hivi, au zaidi kama mfupa mnene, utoe uuoshe ajaribu kuukunja. Unapinda kama mpira!! Siki imeyeyusha kalsiamu, kilichobaki ni nyuzinyuzi za protini. Hapo mwambie kwamba mifupa ni stoo pia, karibu kalsiamu yote ya mwili, kama asilimia 99, iko humo na kwenye meno, na chakula kisipoleta ya kutosha mwili unaichota hukohuko mifupani kwasababu moyo na misuli haviwezi kufanya kazi bila hiyo. Kwahiyo jioni ukipika dagaa, ale na vimifupa vyake.