Namna ya kutofautisha "borrow" na "lend"

Sentensi kama "Borrow me your pen" husikika mara nyingi miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaojifunza Kiingereza, na chanzo chake kimo katika kitenzi chetu "kuazima", ambacho hubeba pande zote mbili za tendo. Tunasema "Nimeazima kitabu kwa Asha" na pia "Nimemwazima Asha kitabu". Katika sentensi ya pili, kiambishi "-m-" ndicho kinachomjulisha msikilizaji kwamba kitabu kimetoka kwangu kwenda kwa Asha. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa vitenzi viwili, kwa hiyo mzungumzaji hana budi kuamua kwanza kama mtenda wa sentensi yake ni anayepokea au anayetoa.

Njia ninayoipendekeza ni kuweka "kukopa" au "kukopesha" mahali pa "kuazima", hata kama kinachozungumziwa si fedha. Panapofaa "kukopa", tumia "borrow": "I borrowed a book from Asha." Panapofaa "kukopesha", tumia "lend": "I lent Asha a book."

Tofauti ya kisarufi inafuata papo hapo. "Borrow" hufuatwa na kitu kinachochukuliwa, na mwenye kitu hutajwa baada ya "from"; ndiyo maana "borrow me" haikubaliki katika Kiingereza sanifu. "Lend" huchukua yambwa (watendewa) mbili, yaani mpokeaji na kitu: "She lent me her bicycle." Ukitanguliza kitu, ni lazima mpokeaji atanguliwe na "to": "She lent her bicycle to me." Wakati uliopita wa "lend" ni "lent", si "lended".

Maombi yanahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa "Niazime kalamu yako" inaweza kueleweka kwa namna mbili. Ikiwa "ni-" ni mtenda, yaani mimi ndiye nitakayeichukua, sema "May I borrow your pen?" Ikiwa "ni-" ni mtendewa, yaani wewe ndiye utakayenipa, sema "Could you lend me your pen?" Zote mbili zina adabu ya kutosha.

Vitenzi hivi kwa kawaida hutumika kwa kitu kinachochukuliwa kwa muda kisha kurudishwa. Kwa choo cha mwenyeji wako, ambacho hakiondoki mahali pake, kitenzi kinachofaa ni "use": "May I use your toilet?"