Somo: Kuhama kutoka ampu ya valvu kwenda mtambo wa dijitali, kwa mpiga gitaa wa jukwaani

Wapiga gitaa wengi hununua kifaa cha dijitali, yaani mtambo unaoiga sauti za ampu na efekti, wakafurahi nacho chumbani, halafu kwenye shoo ya kwanza wanalalamika: sauti nyembamba, inachoma masikio, na bendi ikikolea gitaa halisikiki. Wiki inayofuata kifaa kinatafutiwa mnunuzi. Mara nyingi kifaa hakina kosa lolote. Kilichokosekana ni kuziandaa sauti zake kwa ukubwa wa ukumbini, kupitia spika ya aina ile itakayotumika kazini. Somo lote hili linazunguka hapo. Ninawafikiria zaidi wapigaji wa dansi na wa kanisani, ambao gitaa lao ni safi na linang'aa juu, si lile la kukwaruza la roki.

Naipenda ampu ya valvu na sitaisema vibaya. Fender Twin Reverb ikishapata moto, valvu zake nne za 6L6 zikisukuma spika mbili za inchi 12, solo inatoka na mwili kamili hata ukigusa uzi kidogo tu. Lakini ina kilo 29 hivi. Valvu zake huzipati kwenye kila duka la vifaa vya umeme, na ukiangukia iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, ya volti 120, utanunua na transfoma ya kushusha umeme wetu wa volti 230, au 240 kwa ndugu zetu wa Kenya. HX Stomp ya Line 6, mtambo mdogo wa dijitali, ina kilo moja na kidogo. Kwa anayetoka Mbagala kwenda kupiga Mwenge kwa daladala, sababu hiyo inatosha.

Hatua ya kwanza: jua unatumia nini sasa

Kabla ya kununua chochote, piga na bendi kwenye ampu uliyonayo, kisha uandike vifundo vimesimama wapi. Utakuta sauti unazozitumia kweli ni mbili au tatu. Weka simu katikati ya ukumbi, mbali na jukwaa, urekodi nyimbo kadhaa. Rekodi hiyo itunze, maana ndiyo utakayoilinganisha na mtambo mpya. Kumbukumbu ya sikio hudanganya baada ya siku chache.

Hatua ya pili: chagua kifaa

Hapa watu hupoteza muda mwingi kuliko panapostahili. Kemper Profiler ilitoka 2011, Helix ya Line 6 ikaja 2015, Boss GT-1000 mwaka 2018, Quad Cortex ya Neural DSP 2021, na chochote kati ya hivyo kinatosha jukwaani. Usihesabu ampu ngapi zimo ndani, utatumia moja. Angalia kama swichi za mguu zinakutosha, kama kinakubali kupakiwa kutoka nje faili za kabati (zinazoiga mlio wa kabati la spika, tutazieleza hatua ya nne), na kama adapta yake ikifa unaweza kupata nyingine. HX Stomp, kwa mfano, inataka volti 9 na ampia 3, na adapta ya kawaida ya pedali haifiki huko. Vifaa vidogo vingi havina tundu la XLR, lile la pini tatu kama la maikrofoni, kwa hiyo weka kwenye begi kisanduku cha DI, kinachoiandaa laini yako iingie kwenye tundu la maikrofoni la mikisa.

Hatua ya tatu: amua utajisikia kupitia nini

Ukiondoa ampu nyuma yako umeondoa pia spika iliyokuwa ikikupigia mgongoni. Wengi hawalifikirii hili mpaka wimbo wa kwanza umeanza.

Njia ya kwanza ni kutegemea monita, yaani spika za kujisikilizia, za jukwaani. Kwenye kumbi zetu nyingi monita ni chache, na waimbaji ndio wanaotangulia, ambalo ni sawa. Njia ya pili ni vifaa vya masikioni, vizuri sana kanisani ambako kelele za jukwaani hazitakiwi, ila unahitaji mchanganyo wako mwenyewe kutoka kwenye mikisa. Njia ya tatu ni kubeba spika yako yenye ampu ndani, ya masafa yote, inchi 10 au 12. Njia ya nne ni kuiacha ampu yako ya zamani ifanye kazi ya spika tu: unaingiza mtambo kupitia tundu la nyuma la kurudishia efekti, ukiruka sehemu ya mbele ya ampu.

Kwa mpiga dansi nashauri ya tatu. Ilaze kidogo iangalie masikio yako, si magoti. Kama fedha bado haijatosha, anza na ya nne, kwa sharti moja: njia inayokwenda kwenye ampu izimwe faili la kabati, na njia inayokwenda kwa fundi mitambo iwe nalo. Vifaa vingi vinaweza kutoa njia hizo mbili kwa pamoja.

Hatua ya nne: kabati na masafa

Spika ya gitaa haitoi masafa yote. Ikipita kilohezi 5 hivi inaanguka haraka, na kuanguka huko ni sehemu ya utamu tunaoujua. Spika ya ukumbi inapanda hadi karibu kilohezi 20. Ukituma ampu ya dijitali huko bila kabati, unasikia nyuki ndani ya debe. Dawa yake ni faili la kabati, ambalo wengi wanaliita IR: faili fupi la sauti lililonasa jinsi kabati fulani na maikrofoni yake vinavyoitikia. Maikrofoni iliyowekwa katikati ya koni hutoa mlio mkali, iliyosogezwa pembeni hutoa mlio wa joto. Jaribu chache, chagua moja, uache kutafuta.

Kisha kata chini na juu. Waya mnene wa gitaa ukipigwa wazi uko hezi 82, kwa hiyo chini ya hezi 80 hakuna noti yako, kuna mvumo tu unaomsumbua mpiga besi, ambaye waya wake wa chini uko hezi 41. Kata chini kati ya hezi 80 na 100. Juu anza kukata kilohezi 8, ushuke polepole kuelekea 6 mpaka ule mchomo uishe.

Bendi yenye gitaa zaidi ya moja inataka uangalifu zaidi. Muziki wa bendi za dansi kama Sikinde na Msondo umejengwa juu ya magitaa yanayosukana, solo, solo la pili na ridhimu, kila moja na nafasi yake. Zamani nafasi hizo zilijitenga zenyewe kwa sababu kila mpigaji alikuwa na ampu yake na kona yake jukwaani. Sasa wote mkitumia kifaa kimoja na kabati lile lile, mkapita kwenye spika zile zile, magitaa matatu yanageuka ukuta mmoja. Kaeni pamoja mgawane. Ridhimu ikatwe chini hadi hezi 150 na iwe kavu. Solo lipewe nyongeza kidogo kati ya kilohezi 2 na 3. Solo la pili likae katikati, na kabati tofauti kabisa. Mazungumzo hayo ya mchana mmoja yana faida kuliko kifaa cha bei mara mbili.

Hatua ya tano: andaa kwa sauti kubwa

Mwaka 1933 Fletcher na Munson wa maabara za Bell walionyesha kwamba sikio halisikii masafa kwa usawa: sauti ikiwa ndogo, besi na milio ya juu kabisa hupungua masikioni kuliko ya kati. Ndiyo maana usiku chumbani unaongeza besi na juu ili upate raha. Ukizipeleka sauti hizo jukwaani, besi inavimba, juu inachoma, na kati, ambako gitaa linaishi, kumebaki shimo.

Omba ukumbi mchana, au fanya siku ya mazoezi bendi ikiwa kamili. Piga kwa ukubwa wa shoo. Punguza besi, punguza riverbu mpaka uone kama imepotea, ongeza kati. Riverbu ya ukumbi wenyewe itajazia. Solo liongezee desibeli 3 au 4 kwa kifundo cha sauti kilicho baada ya ampu. Usiongeze geini, yaani nguvu ya kuingilia kwenye ampu, maana kwenye sauti safi geini inaleta mkwaruzo kabla haijaleta ukubwa. Kompresa, efekti inayobana milio mikubwa, iwe ya wastani na ichelewe kidogo kubana, ili ncha ya kila noti ipite. Sebene, ile sehemu ya kuchezesha yenye gitaa la kasi, bila ncha hiyo haichezeki.

Dilei, efekti ya mwangwi, ihesabu: gawanya 60,000 kwa mapigo ya dakika. Wimbo wa mapigo 120 unakupa milisekunde 500, nusu yake 250. Kwenye noti za polepole inapendeza. Kwenye sebene noti zimebanana tayari, kwa hiyo dilei iwe fupi na ya chinichini.

Mwisho, sikiliza kila kitu kwa mono. Kumbi nyingi zinapeleka gitaa kwenye chaneli moja, na efekti ya korasi iliyoandaliwa kwa stirio inaweza kupungukiwa mwili ikiunganishwa.

Hatua ya sita: fundi mitambo

Mfikie mapema, msalimie, mwambie unaleta laini moja isiyohitaji maikrofoni. Aache vifundo vya chaneli yako katikati na azime umeme wa volti 48 unaopandishwa kwenye kebo, kwani baadhi ya vifaa haviupendi. Kama mtambo wako unaruhusu, panga kifundo kikuu kiongoze spika yako tu, si laini ya kwa fundi. Ukijiongeza katikati ya wimbo, hesabu zake za sauti ya ukumbini zisivurugike.

Hatua ya saba: umeme

Umeme ukipepesa kidogo, ampu ya valvu hufifia na kurudi. Mtambo wa dijitali unazima na kuwaka upya tangu mwanzo, na wimbo unaendelea bila wewe. Weka UPS ndogo ya kompyuta. HX Stomp kwa volti 9 na ampia 3 haizidi wati 27, kwa hiyo UPS ya VA 650 inaibeba kwa raha. Usichomeke spika ndani yake, itaimaliza. Stebilaiza husaidia umeme ukiwa chini, lakini umeme ukikatika haiwezi kukuokoa.

Kwenye jenereta, subiri itulie ndipo uwashe mtambo. Na hapa nisikilizwe vizuri: usiondoe pini ya ethi kwenye plagi ili kuua mvumo. Mkono uko kwenye nyuzi, midomo iko kwenye maikrofoni, na ukosefu wa ethi umeshaua wanamuziki. Mvumo unauondoa kwa swichi ya kutenganisha ethi kwenye kisanduku cha DI, ambayo inakata ethi ya kebo ya sauti tu, si ya umeme.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Napiga kanisani Dodoma. Wenzangu wanasema dijitali inachelewesha sauti. Ni kweli?*

Marahaba. Inachelewesha, ila kwa milisekunde chache tu. Sauti hewani husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ukisimama mita tatu kutoka kwenye ampu yoyote umeshachelewa milisekunde 9 na hujawahi kulalamika. Ukihisi ucheleweshaji mkubwa, chunguza vifaa vya gitaa visivyo na waya na mikisa ya dijitali, kwa sababu ucheleweshaji wao unajumlishana.

*Kaka, nikibadilisha sauti kutoka ridhimu kwenda solo inakatika kidogo. Nifanyeje?*

Unahama kutoka preseti (mpangilio uliohifadhiwa) moja hadi nyingine, na kifaa kinapakia ampu upya. Tengeneza preseti moja kwa wimbo mzima, halafu ndani yake tumia swichi kuwasha na kuzima efekti na kuongeza sauti. Helix na ndugu zake wana kitu hicho kwa jina la snapshot, na vifaa vingine wana chao. Dilei nayo haitakatwa mkia.

*Mimi ni wa Mombasa, bendi ya harusi. Fundi anasema laini yangu inapasuka kwake, lakini kwenye spika yangu iko safi.*

Unatuma kiwango cha laini kwenye tundu linalosubiri maikrofoni. Ingia kwenye mipangilio ya kifaa, badilisha kiwango cha tundu la kutolea la XLR kiwe cha maikrofoni, au mwombe fundi abonyeze kitufe cha kupunguza desibeli 20 kwenye chaneli yako. Ikiendelea, piga chodi kubwa kuliko zote unazotumia, mwache apange geini kwa hiyo, sio kwa vile vidokezo vya upole vya wakati wa kujaribu mitambo.

*Nina laptop nzuri. Siwezi kutumia programu nikaepuka gharama?*

Unaweza, na Neural Amp Modeler ni ya bure na inasikika vizuri sana. Kwa kurekodi nakuunga mkono moja kwa moja. Kwa harusi ya saa sita, kwenye joto, vumbi na meza inayotikiswa na spika za besi, mimi singeisimamisha kazi ya watu juu ya laptop.

*Mzee wangu, niuze ampu yangu ya valvu ninunue mtambo?*

Kama unaweza kusubiri, usiuze mpaka umefanya shoo kadhaa na mtambo na rekodi ya simu ya katikati ya ukumbi umeilinganisha na ile ya mwanzo. Kama fedha hairuhusu, uza, lakini kwanza piga picha za vifundo vyote, na ukimpata mtu mwenye maikrofoni na programu ya kunasa ampu, mwombe aikopi ampu yako yenyewe. Kemper, Quad Cortex na Neural Amp Modeler vyote vinaweza kuinasa. Nasa mara mbili, moja safi kabisa na moja iliyosukumwa kidogo, na faili uzihifadhi mahali pawili.