Salamu za sikukuu: mrekodie kila mjukuu ujumbe wake

Sikukuu hii sikuandika salamu ndefu kwenye kundi la familia. Nilimrekodia kila mjukuu ujumbe wake wa sauti, usiozidi dakika 2, na wote wamejibu, hata yule mkimya. Anza na jina lake, mpe habari moja tu ya sikukuu, muombee jambo linalomhusu yeye (mtihani, kazi mpya, mtoto anayeota meno), kisha mpe funzo kupitia kisa kilichokupata wewe, umalizie kwa swali. Kwenye WhatsApp, bonyeza alama ya maikrofoni na utelezeshe kidole juu hadi kwenye kufuli; hapo unaachia kidole na kuongea bila haraka.

Kinachowagusa hasa ni kile kisa. "Uwe mwaminifu" wamelisikia tangu wakiwa wadogo. Lakini nilipomsimulia mmoja jinsi nilivyorudisha chenji iliyozidi, mkono ukitetemeka kwa sababu nyumbani hatukuwa na chakula cha jioni, alinipigia usiku huohuo kuuliza tulikula nini.

Njia hii haifai kwa habari ya ugonjwa au msiba; hiyo piga simu. Na kwa mjukuu aliyejitenga na ibada, dua ikigeuka mahubiri hatasikiliza hadi mwisho. Huyo mwambie kwa ufupi kwamba unamuombea kila siku, kisha endelea na habari za nyumbani.